Kodi ya Picha

Siku ya arobaini ya marehemu mama, mwaka 2021, watu walijaa uani kwetu Chilangala tangu alfajiri. Mpwa wangu, ambaye alikuwa amefika kwa basi kutoka Dar es Salaam usiku uliotangulia, alitoa kwenye mkoba wake kadi nyeupe na kuzigawa kwa wageni. Kila kadi ilikuwa na jina la mama, na chini yake mraba mdogo wenye madoa meusi na meupe. Mjomba wangu, mdogo wake mama na mkubwa wa ukoo wetu, aliigeuza kadi yake huku na huku, kisha akamwita kijana.

"Hiki ni kitu gani, mjukuu wangu?"

"Shikamoo, babu. Hiyo inaitwa kyuaa kodi. Picha zote za bibi zimo humo."

"Kodi?" mzee akashangaa. "Kodi ya nini tena? Hata msibani?"

Watu walicheka, na kicheko kile kilitufaa siku ile. Wenye simu kubwa wakaelekeza kamera zao kwenye kadi, na baada ya kungoja mtandao, mama akatokea: mama akipepeta mahindi, mama akibangua korosho, mama akicheka na mkono umefunika mdomo. Wazee wenye simu za tochi walisogea kuchungulia kwenye simu za watoto. Mjomba alitazama muda mrefu bila kusema neno.

Baadaye nilijifunza habari za mraba ule. Ulibuniwa Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Denso inayotengeneza vipuri vya magari, na aliyeongoza kazi hiyo ni Masahiro Hara. Shida yao ilikuwa ya kiwandani: ile mistari ya zamani iliyobandikwa kwenye bidhaa ilibeba maandishi machache mno, hata sanduku moja la vipuri likahitaji kubandikwa vibandiko kadhaa. Wakatengeneza msimbo unaosomeka kwa upana na kwa urefu pia, na katika pembe tatu wakaweka vimraba vya kuionyesha mashine msimbo umekaa upande gani. Herufi Q na R zina maana ya jibu la haraka. Kampuni haikudai malipo kwa wanaoutumia msimbo huo, na hiyo ni sababu moja ya kuenea kwake duniani. Kwetu Tanzania umo hata kwenye risiti za mashine za Mamlaka ya Mapato, ili mnunuzi ahakiki kama risiti ni halali. Kwa hiyo mjomba hakukosea sana alipotaja kodi.

Lakini kuna jambo moja ambalo mpwa wangu hakulieleza, nami sikujua kuuliza. Picha hazimo ndani ya mraba. Msimbo mkubwa kuliko yote hauwezi kubeba tarakimu zaidi ya 7,089, na picha moja ya simu inahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo mara mamia. Kilichomo ni anuani tu, kama bahasha iliyoandikwa nyumba ya kwenda. Picha zenyewe zinakaa kwenye mashine za watu wengine, mbali, katika nafasi ambayo mara nyingi hulipiwa.

Mwaka uliofuata, siku ya kumkumbuka mama, niliichukua kadi yangu na kuielekeza simu kama nilivyofundishwa. Ukatokea ukurasa mtupu na maneno machache ya kusema kwamba albamu haipo. Nilimpigia mpwa wangu. Alinyamaza kwanza, kisha akasema muda wa malipo ulipita bila yeye kujua, na simu aliyopigia zile picha iliibiwa kwenye daladala. Hakukuwa na nakala.

Ndugu msomaji, nilikaa na kadi ile mkononi nikakumbuka kwamba si mara ya kwanza picha zetu kuondoka na kutorudi.

Mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji havijapoa, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Lindi, akapanda bara hadi Masasi, kisha akaja huku kwetu juu, Newala na Mahuta. Alikuja na kamera, na kamera ya sinema, na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Alipiga picha watu, nyumba, ngoma na kazi za mikono, kisha akarudi kwao na mizigo yake. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909. Leo kinasomeka bure kwenye intaneti, na nimekitazama kwenye simu. Nimewaona humo akina mama wa Kimakonde waliovaa ndonya, kama bibi yangu alivyovaa. Matola, mkuu wa Wayao kule Chingulungulu, ametajwa kwa jina. Wengine wengi wameandikiwa kabila tu. Huenda mmoja wao ni wa ukoo wetu, lakini hakuna njia ya kumtambua. Nyuso zimehifadhiwa kwa zaidi ya miaka 100, majina yamepotea.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1970, mpiga picha alikuwa akija kwa baiskeli msimu wa korosho, watu walipokuwa na fedha. Hutundika kitambaa ukutani, hukupanga, hukuambia usipepese macho, hupokea nusu ya malipo, kisha huondoka kwenda kusafisha picha mjini. Wengine walirudi baada ya wiki kadhaa na bahasha zao. Yule aliyempiga mama, amevaa kitenge kipya na kunibeba mimi mgongoni, hakurudi. Mama aliisimulia picha ile mpaka uzee wake, jinsi alivyosimama na jinsi nilivyolia, ingawa hakuwahi kuiona.

Tukizitazama habari hizi tatu pamoja, jambo ni lile lile: picha huondoka na aliyeipiga, na aliyepigwa hubaki akingoja. Msimbo ulitufanya tuone kama kungoja kumekwisha, kwa kuwa picha ilifika papo hapo. Kumbe tuliishika anuani tukadhani tumeshika picha. Msimbo ule unaweza kutengenezwa ili uendelee kusomeka hata sehemu yake ya asilimia 30 ikichafuka au kuchanika. Kadi yangu haikuwa na doa hata moja, ila nyumba uliyoelekeza ilikuwa imefungwa.

Simlaumu mpwa wangu. Bila yeye tusingeuona uso wa mama siku ile, na ndugu walio Mtwara na Dar es Salaam wasingeziona picha hata kidogo. Tena ni kadi yake iliyotuokoa. Tulianza kuwauliza wote waliokuwapo arobaini, mmoja mmoja, na ikaonekana kwamba baadhi ya wasichana waliweka picha walizozipenda kwenye simu zao. Binamu yangu wa Mtwara alikuwa na 4, mtoto wa jirani anayesoma Masasi alikuwa na 7. Basi 11 zikapatikana, na ile ya mkono mdomoni ikiwamo.

Mjomba alisikia habari hizo akaniita. Alitoa fedha zake za korosho, akahesabu taratibu, akasema, "Kazitoe kwenye karatasi. Hii ndiyo kodi yenyewe."

Nilizichapisha Masasi, nakala mbili za kila picha, na mpwa wangu akaziweka tena mtandaoni kwa ajili ya walio mbali, safari hii akiwa na nakala nyumbani. Kisha nikakaa na mjomba barazani, mimi na penseli, yeye na picha magotini. Kila picha aliigeuza akanitajia nani yuko nyuma ya mama, nani ameshika ungo, uani ni kwa nani. Tulipofika kwa mwanamke mmoja anayemtilia mama maji, niliwauliza vijana waliotuzunguka, wakatazamana. Mjomba akataja jina lake, na la mama yake, na kijiji alikotoka. Nikayaandika yote matatu nyuma ya picha.