Carl Rogers na Mshauri Asiyetoa Shauri

Mtu mwenye shida huenda kwa mshauri kutafuta shauri, kama mwenye kiu aendavyo kisimani kutafuta maji. Neno lenyewe laahidi hivyo. Na katika jina refu zaidi, ushauri nasaha, ahadi hiyo yatajwa mara mbili, maana nasaha nayo ni onyo jema litokalo kwa mtu mwenye nia safi. Ajabu ni kwamba kazi iitwayo kwa jina hilo ilipata sehemu kubwa ya sura yake kutoka kwa mtu aliyeamini kuwa mwenye shida hasaidiwi kwa kupewa shauri.

Mtu huyo ni Carl Rogers, aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1902 katika Oak Park, jirani na mji wa Chicago, wa nne katika watoto sita. Baba yake alikuwa mhandisi wa majenzi, na nyumba ilikuwa ya dini kali: hapakuwa na ulevi, karata, dansi wala kwenda kutazama michezo ya kuigiza. Rogers alikumbuka hata ukubwani kwamba chupa yake ya kwanza ya soda aliinywa huku dhamiri ikimsuta. Alipokuwa na miaka 12 jamaa nzima ilihamia shambani, yamkini ili watoto watengwe na vishawishi vya mji. Huko alifuga nondo wakubwa wa usiku, akasoma vitabu vya kilimo, akajifunza jinsi jaribio lipangwavyo: kundi hili lilishwe hiki, kundi lile lisilishwe, kisha matokeo yalinganishwe. Wamdhanio Rogers kuwa mtu wa maneno laini tu husahau shule hiyo ya shambani.

Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin alianza na kilimo, akageukia historia kwa nia ya kuwa kasisi. Mwaka 1922 alipelekwa China pamoja na wanafunzi wengine Wakristo, na safari hiyo ya miezi kadhaa ilimwachisha itikadi ya wazazi wake. Hata hivyo mwaka 1924 aliingia chuo cha dini cha Union mjini New York. Hapo yeye na wenzake waliomba darasa lisilo na mwalimu, ambalo somo lake lingekuwa maswali yao wenyewe. Waliruhusiwa, na wengi wao, Rogers miongoni mwao, wakatoka humo wakijua kwamba mimbari si mahali pao. Akavuka barabara, akajiunga na chuo cha ualimu cha Columbia, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1931.

Tangu 1928 alikuwa akifanya kazi mjini Rochester, kwenye chama cha kuwakinga watoto na ukatili. Kwa miaka 12 aliletewa watoto watundu na walioshindikana, akawapima, akaandika maoni yake, akawaeleza wakubwa la kufanya. Alikuwa mshauri hasa, kwa maana ya Kiswahili. Kisha akaja mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa amemshinda. Rogers aliona wazi kwamba asili ya matata ni mama kumkataa mtoto tangu mwanzo, na katika mazungumzo mengi alijitahidi kwa upole kumfikisha kwenye utambuzi huo. Mama hakufika. Mwishowe Rogers alimwambia kwamba wote wawili wamejaribu na wameshindwa, afadhali waachie hapo. Mama alikubali, wakapeana mikono, akaenda hadi mlangoni. Hapo akageuka, akauliza kama watu wazima nao hupokewa mahali pale kwa ushauri. Alipojibiwa ndiyo, akarudi kitini, akaanza kumwaga habari za ndoa yake, fadhaa yake na kukata tamaa kwake. Maneno hayo hayakufanana hata kidogo na maelezo makavu aliyoyatoa zamani. Matibabu, asema Rogers, yalianza saa ile, na mwisho wake ulikuwa mwema.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kana kwamba ni ufunuo wa ghafula. Sivyo. Fikira za Otto Rank, mfuasi wa Freud aliyeachana na mwalimu wake, zilikuwa zimekwisha kumfikia Rogers, na miaka mingi ya kushindwa ilikuwa imemlainisha. Walakini ndipo alipoona kwamba mwenye shida ndiye ajuaye panapouma, na ndiye ajuaye pa kuanzia.

Mwaka 1940 alihamia Ohio, na mwaka 1942 akatoa kitabu chenye kuchapa, neno kwa neno, mazungumzo manane na mtu aliyepewa jina la kubuni Herbert Bryan, yaliyonaswa kwenye sahani za santuri. Hapo kabla, habari za chumba cha matibabu zilitegemea kumbukumbu ya mtabibu, na watabibu hujikumbuka kwa wema. Sasa mwanafunzi aliweza kuhesabu: nani amesema maneno mangapi, nani amemkatiza mwenziwe, nani amegeuza mazungumzo. Ilidhihiri kwamba washauri waongozao husema mara kadhaa zaidi ya wale wasioongoza. Mfuga nondo alikuwa amerudi kazini.

Neno la Kiingereza ambalo Kiswahili kimelifasiri ushauri halikuchaguliwa kwa kufaa kwake, kwani katika Kiingereza nalo lina maana ya kumpa mtu maoni. Rogers alilishika kwa sababu madaktari wa maradhi ya akili hawakutaka mtu asiye daktari aseme kwamba anatibu. Katika Chicago, alikofundisha kuanzia 1945 hadi 1957, mzozo huo ulifikia hata kutaka kituo chake kifungwe. Jina lilikuwa ngao. Kadhalika alikataa neno mgonjwa, akachagua neno ambalo kwa Kiswahili ni mteja. Hapa tafsiri imepata bahati ya pekee, maana mteja katika Kiswahili si mnunuzi tu, bali ni pia mtu aliye mikononi mwa mganga. Neno alilolikimbia Rogers lamngoja ndani ya neno alilolikimbilia.

Mwaka 1957 alitaja masharti yanayotosha kumbadili mtu. Matatu yamhusu mshauri: awe mkweli wa nafsi yake, asivae uso wa cheo, amheshimu mteja bila masharti, na aufahamu ulimwengu wa mteja kama aonavyo mteja mwenyewe, asisahau kwamba si wake. Kutosha! Ni dai kubwa. Mwaka huo huo alirudi Wisconsin kulijaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia waliolazwa hospitali, na matokeo yaliyochapwa mwaka 1967 hayakumpa ushindi aliouتarajia. Lakini alikubali kupimwa, na si kila mwanzilishi wa madhehebu ya tiba amekubali.

Waigaji wake walimfanyia dhihaka kwamba ni mwangwi, mtu wa kurudia maneno ya mwisho ya mwenziwe. Dhihaka hiyo ilimuudhi, nayo haikuwa ya haki. Walakini ndiyo inayowatisha watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki. Maradhi ya Ukimwi yalipoleta vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari, mtu aliyezoea somo, shangazi au mzee wa mtaa alikutana na kijana aliyefunzwa kuuliza: wewe mwenyewe waonaje? Katika desturi, mkubwa anayezuia nasaha huonekana mchoyo au mwoga. Lawama hiyo ina uzito, lakini yapita juu ya tofauti moja. Mzee atoaye nasaha atakuwapo kesho. Nasaha ikiharibika, aibu yamrudia, na pengine gharama pia. Mshauri wa kituo huagana na mteja baada ya saa moja, na huenda wasionane tena. Rogers hakuwa mzee wa mtaa wa mtu yeyote katika hao waliomjia, na yule mama wa Rochester alirudi na matokeo ya kila uamuzi nyumbani kwake, peke yake.