Nani Anakula Umeme Kwenye Tangi Lako la Samaki? Historia Fupi Kutoka London Hadi LUKU

Muulize mtu yeyote mwenye tangi la samaki sebuleni anabana vipi umeme. Wengi watakujibu hivi: "Usiku nazima ile pampu ya hewa." Inaeleweka. Pampu inapiga kelele, inawaka saa 24, halafu samaki wenyewe si wamelala? Kabla hujaufikia ule mswichi leo usiku, naomba tulitazame jambo hili kwa jicho la historia. Kila mashine iliyomo kwenye tangi lako iliingia kwa wakati wake ili kuziba pengo fulani. Ukilijua pengo lenyewe, utajua ipi inazimika bila shida na ipi ukiizima unaua samaki.

Tuanze na hesabu, maana bila namba tutabishana bure. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Chukua tangi la lita 100 lenye vifaa vya kawaida. Pampu ya hewa ya wati 3 ikiwaka mwezi mzima inakula uniti 2 na kidogo. Chujio la wati 8 linakula karibu uniti 6. Taa mbili za tyubu za wati 18 kila moja, zikiwaka saa 12 kwa siku, zinakula uniti 13. Hita ya wati 100, hata ikiwaka nusu tu ya muda, inakula uniti 36. Jumla ni kama uniti 57, na ile pampu inayozimwa kila usiku haifiki hata asilimia 4 ya jumla hiyo. Kwa msomaji wa Tanzania aliye kwenye daraja la D1, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, uniti 36 za hita peke yake ni karibu nusu ya haki ya nyumba nzima.

Sasa twende London, mwaka 1846. Anna Thynne, mke wa kasisi mmoja wa Westminster Abbey, alirudi kutoka pwani ya Torquay na matumbawe hai kwenye chupa ya maji ya chumvi. London haina bahari, kwa hiyo maji aliyokuja nayo hakuweza kuyabadilisha kila alipotaka. Akaamua ayatie hewa. Vipi? Mtumishi wake wa ndani alisimama mbele ya dirisha lililo wazi na kuyamimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine, nusu saa na zaidi, kila siku. Matumbawe yakaishi. Yaani pampu ya kwanza ya tangi la samaki la nyumbani ilikuwa mikono ya binti wa kazi. Vitabu vingi vinamsifu bosi, jina la binti haliandikwi, ila nguvu iliyoendesha mfumo ule ilikuwa yake.

Miaka michache baadaye, mkemia Robert Warington alitaka kuiondoa kazi hiyo kabisa. Yeye alikuwa akifanya kazi kwenye chama cha wauza dawa wa London. Elimu ilikuwa tayari mezani: tangu 1779 Jan Ingenhousz alikwishaonyesha kwamba mimea hutoa oksijeni ikipata mwanga, na gizani hufanya kinyume chake. Warington akaweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha kioo, pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Halafu majani ya zamani yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akaleta konokono. Konokono wakala uozo, wakataga mayai, samaki wakala mayai. Mwaka 1850 akachapisha matokeo yake, na wazo la "tangi lenye mizani" likazaliwa: mnyama anaupa mmea hewa ya ukaa, mmea unampa mnyama oksijeni, na hakuna wa kumimina maji.

Bahati nzuri Uingereza ilikuwa imefuta kodi ya vioo mwaka 1845, kwa hiyo kioo kilishuka bei. Bustani ya wanyama ya London ikafungua jumba lake la samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium. Kila nyumba yenye uwezo ikataka tangi lake dirishani. Matumizi ya nishati yalikuwa sifuri. Na samaki wengi walikufa.

Kwa nini walikufa, kama mizani ilikuwa sahihi? Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wetu. Watu waliamini kwamba mimea ndiyo pumzi ya tangi, kwa hiyo wakajaza samaki kwa wingi ili mradi kuna majani. Kumbe vipimo vilivyofanywa na Charles Breder na wenzake wa New York Aquarium katika miaka ya 1930 vilikuja kuonyesha kwamba mlango mkubwa wa hewa ni uso wa maji, pale maji yanapokutana na hewa. Mmea unasaidia mchana, lakini usiku nao unavuta oksijeni kama samaki. Mwaka 1949 James Atz, naye wa New York, aliandika makala akiuita waziwazi ule mfumo wa mizani hadithi tu. Nadhani alikuwa mkali kupita kiasi, maana mimea ina kazi nyingine ambayo tutaifikia, ila kuhusu pumzi alikuwa sawa.

Ukiunganisha Ingenhousz na Breder unapata jibu la swali la usiku. Gizani mimea haitoi oksijeni, inaila. Samaki wanaila. Bakteria wanaila. Na maji yakiwa na joto hubeba oksijeni kidogo: kwa nyuzi 20 lita moja hushika takriban miligramu 9, kwa nyuzi 30 hushika takriban 7.6. Sasa fikiria tangi la Dar es Salaam mwezi Februari, limejaa samaki, saa kumi alfajiri, na mwenye nyumba kazima pampu tangu saa nne usiku. Ameokoa uniti moja kwa mwezi. Asubuhi anawakuta samaki wako juu wanatweta, anasema wana ugonjwa.

Mtu wa kwanza kuliona hili kwa macho ya fundi alikuwa William Alford Lloyd, muuza matangi wa London. Alisimamia akwariamu ya Hamburg iliyofunguliwa 1864, kisha ile ya Crystal Palace iliyofunguliwa 1871. Chini ya jengo aliweka hifadhi ya maji ya bahari, yenye giza na ubaridi, kubwa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa. Injini za mvuke ziliyazungusha maji hayo bila kukoma. Maji yaleyale, miaka nenda miaka rudi, hayabadilishwi, yanatembea tu. Mikono ya binti wa kazi ilikuwa imegeuka makaa ya mawe. Pampu unayoisikia ikinguruma sebuleni ni mjukuu wa injini hiyo, na kazi yake haijabadilika: kuusogeza uso wa maji.

Chujio nalo lina hadithi yake, tena ya kifamilia. Mtoto wa Warington, naye akiitwa Robert, alikuwa mkemia wa kilimo kwenye kituo cha Rothamsted. Kuanzia miaka ya 1870 alichunguza jinsi amonia inavyogeuka kuwa naitreti kwenye udongo, na akaonyesha kwamba kazi hiyo ina hatua mbili, zinazofanywa na viumbe wawili tofauti. Sergei Winogradsky ndiye aliyekuja kuwatenga bakteria hao karibu na mwaka 1890. Baba alianzisha tangi. Mtoto, bila kuwaza samaki hata kidogo, alikuwa anachunguza kitu kilichokuwa kikiwaua samaki wa wenzake baba yake, yaani amonia itokayo kwenye kinyesi na chakula kilichooza. Sponji ndani ya chujio lako ni makazi ya bakteria hao. Wanahitaji oksijeni muda wote. Ukizima chujio la kopo lililofungwa kwa saa kadhaa, oksijeni ya ndani inaisha, bakteria wanaanza kufa, na ukiliwasha tena linakumwagia uchafu wao tangini. Hiyo kazi nyingine ya mimea niliyoigusa ni hii hii: inakula amonia. Mimea mingi na samaki wachache hupunguza mzigo wa chujio, ndiyo maana Warington mkubwa, mwenye samaki wawili tu, alifanikiwa.

Hita iliingia kwa sababu ya jiografia. Samaki wa dhahabu hawaihitaji, ni wa maji baridi. Lakini Wazungu walipoanza kuleta samaki wa nchi za joto mwishoni mwa karne ya 19, iliwabidi wayapashe maji kwa taa za mafuta au moto wa gesi chini ya tangi, hadi umeme ulipowaokoa. Leo samaki kutoka Kigoma na Bujumbura, jamii moja na perege wako wa kukaanga, wanaishi kwenye sebule za Ujerumani, na mtu analipia umeme mwaka mzima ili kuigiza hali ya hewa ya Ziwa Tanganyika. Kinachochekesha ni kwamba sisi tunanunua tangi likiwa na hita yake kwenye boksi, tunaichomeka Tanga au Mombasa, mahali ambapo chumba chenyewe kina nyuzi 28.

Kama unaishi pwani, basi, itoe. Kama uko Njombe, Mbeya au Arusha na una samaki wa joto, iache lakini ishushe. Joto linalopotea hutegemea tofauti kati ya maji na chumba: chumba kikiwa na nyuzi 20, kutoka 28 hadi 25 unapunguza tofauti kutoka 8 hadi 5, yaani zaidi ya theluthi ya umeme wa hita. Hakikisha tu kwamba 25 inawafaa samaki ulio nao. Funika tangi pia. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la karibu uniti 0.7, na hita ndiyo inayolirudisha. Nyuma na pembeni bandika lile povu jeupe gumu linalokuja na TV mpya.

Taa ni rahisi zaidi. Waingereza wa 1850 walitumia dirisha na wakalipwa mwani wa kijani. Sisi tumerithi kazi ya Akasaki, Amano na Nakamura, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa taa ya LED ya bluu, iliyowezesha LED nyeupe. Taa ya LED ya wati 12 kwa saa 8 inakula chini ya uniti 3 kwa mwezi badala ya zile 13, na mwani unapungua kwa sababu saa za mwanga zimepungua.

Umeme ukikatika, mantiki ni ileile. Taa na hita zinaweza kungoja saa kadhaa, hewa haingoji. Pampu ndogo ya betri inatosha usiku mzima. Kama huna, chukua jagi, chota maji ya tangi, yamimine tena kutoka juu kidogo, na uendelee hivyo dakika chache kila nusu saa hadi umeme urudi.