Fukuto

Ingia darasani saa nane mchana, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi, feni haizunguki, wanafunzi wamebanana watatu watatu kwenye dawati. Husemi tu kwamba kuna joto. Unasema kuna fukuto. Joto laweza kuwa nje juani na upepo ukivuma. Fukuto ni joto lililokosa pa kutokea. Jasho halikauki, shati limeganda mgongoni. Ni ndugu wa kitenzi *kufukuta*, kile cha moto ulio chini ya majivu, ambacho waandishi wa habari wamekigawia kila mgogoro nchini.

Kipimajoto peke yake hakilioni fukuto. Mwaka 1970 Mdenmark P. O. Fanger alichapisha kitabu kilichojumlisha mambo sita: joto la hewa, joto linalotoka kwenye kuta na paa, unyevu, mwendo wa hewa, nguo na kazi anayofanya mtu. Jibu la hesabu yake ni alama, kuanzia -3 ya baridi hadi +3 ya joto. Sifuri ni raha. Hilo la paa analijua vizuri aliyekaa chini ya bati lisilo na dari.

Tusilichanganye fukuto na hewa nzito, ile iliyochakaa kwa pumzi za watu. Hiyo Mjerumani Max von Pettenkofer aliipima kwa hewa ukaa tangu 1858, akataka isizidi sehemu 1 katika 1,000. Feni hupunguza fukuto. Lakini hewa nzito, feni huizungusha tu humo humo chumbani.