Pumzi Kutoka Ukingo wa Narmada

Sisi tuliokulia nyuma ya kaunta za maduka ya baba zetu tuliwaona wazee wakiketi alfajiri, macho wameyafumba, wakiziba tundu moja la pua na kuvuta hewa kwa jingine. Hatukuuliza, nao hawakueleza. Twakiri kwamba tulidhani ni tiba ya mafua.

Jina lake ni pranayama. Patanjali, katika Yoga Sutra, aliiweka ya nne miongoni mwa hatua nane za yoga, baada ya mkao na kabla ya kuzituliza hisi. Kwa karne nyingi ilirithishwa kwa kinywa cha mwalimu, na hapo ndipo palipokuwa na hatari: mwalimu akifa kimya, elimu huteketea pamoja naye.

Huko Malsar, Gujarat, ukingoni mwa mto Narmada, aliishi Paramahamsa Madhavdasji. Wanafunzi wake wawili waliifungulia elimu hiyo milango. Shri Yogendra alianzisha taasisi Bombay mwaka 1918, akawafundisha watu wenye familia na kazi, si watawa pekee. Swami Kuvalayananda, mzaliwa wa Dabhoi, alianzisha Kaivalyadhama mjini Lonavala mwaka 1924, akaichunguza pumzi kwa vipimo vya maabara na kuyachapisha matokeo katika jarida lake, Yoga Mimamsa.

Watu wa kwetu kabisa hao, nasi tuliijua bei ya pamba kuliko majina yao! Sasa wajukuu ndio wanaotuuliza kwa nini pumzi itokayo iwe ndefu kuliko iingiayo. Safari hii tumeketi nao sakafuni ukumbini, majirani wakiwamo, tukawajibu kwa kile tulichobakiwa nacho.