Kutoka Mgao wa Chakula hadi Uraia: Wakimbizi wa Burundi wa Mwaka 1972

Mwezi Novemba 1966, Kapteni Michel Micombero aliung'oa ufalme wa Burundi na kutangaza jamhuri. Tangu hapo nchi ilitawaliwa na wanajeshi, na madaraka yakazidi kukusanyika mikononi mwa maofisa wachache wa Kitutsi, wengi wao wenyeji wa Bururi. Wahutu, walio wengi nchini, wakasukumwa pembeni.

Mwishoni mwa Aprili 1972, Wahutu waliasi kusini mwa nchi, kando ya Ziwa Tanganyika, na Watutsi wengi wakauawa. Jeshi halikuishia kuzima uasi. Liliwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi na makarani. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Walionusurika wakakimbia, na wengi wakavuka kuingia Tanzania.

Serikali ya Mwalimu Nyerere haikutaka wakae mpakani. Wako wanaosema sababu ilikuwa usalama, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa mwaka 1973 jeshi la Burundi lilishambulia vijiji vya Tanzania. Wengine huona kwamba taifa lilihitaji nguvu kazi ya kufungua mapori yenye mbung'o. Wengine tena hutaja imani ya Mwalimu katika udugu wa Waafrika. Sababu hizi hazipingani: udugu uliwafungulia mlango, na usalama pamoja na kilimo vikaamua wakae wapi.

Hivyo yakaanzishwa makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, mwaka 1972, na Katumba, karibu na Mpanda, mwaka uliofuata. Kazi iligawanywa: serikali ilitoa ardhi na Mkuu wa Makazi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha, na TCRS, shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1964, lilichimba visima na kujenga barabara, shule na zahanati. Ulyankulu ilipozidiwa na watu, sehemu yao ilihamishiwa makazi mapya ya Mishamo mwaka 1978. Huko kila familia ilikatiwa hekta 5 za pori la miombo, ikafyeka na kulima huku ikila mgao hadi mavuno yake yalipotosha.

Mpango huo uliwatoa watu katika njaa, na makazi yakauza mahindi, maharage na tumbaku nje ya mipaka yake. Lakini mkulima yuleyule aliyeilisha mikoa jirani alihitaji kibali ili kutoka makazini, na mtoto wake aliyezaliwa Tanzania alihesabiwa mkimbizi.

Mwaka 2007 wakimbizi hao waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kubaki. Takriban wanne kati ya kila watano walichagua uraia, na zaidi ya 160,000 walikubaliwa kufikia mwaka 2010, ingawa ugawaji wa vyeti ulikwama hadi mwaka 2014. Jembe na ardhi viliwawezesha kujilisha ndani ya miaka michache. Haki ya kuishi popote nchini kama raia waliisubiri kwa zaidi ya miaka 40, na kusubiri huko nako ni sehemu ya gharama ya utawala uliowafukuza kwao.