Msitu wa Tasmania na Mikono Iliyowasha Moto

Pango la Kutikina liko kando ya Mto Franklin, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Tasmania, Australia. Leo limezungukwa na msitu mzito wa mvua, wenye baridi na giza hata adhuhuri. Lakini mwaka 1981 wanaakiolojia walipochimba sakafu yake, walikuta zana za mawe na mifupa mingi ya walabi, mnyama wa jamii ya kangaruu anayetafuta malisho kwenye nyasi. Wawindaji waliomla waliishi humo miaka ipatayo 20,000 iliyopita, katika enzi ya barafu, na nje ya pango lao ilikuwa mbuga wazi. Watu walitangulia, msitu ukafuata.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuitenga Tasmania na bara. Joto na mvua vikaongezeka. Chavua iliyozama katika matope ya maziwa inaonyesha jinsi miti ilivyotoka mafichoni na kutwaa mabonde: jamii ya Nothofagus, na msonobari wa Huon unaoweza kuishi zaidi ya miaka 2,000.

Hata hivyo, msitu haukutwaa kila mahali. Magharibi mwa kisiwa, penye mvua tele ya kuotesha msitu, kuna tambarare kubwa za nyasi. Mwaka 1968 mwanabotania W. D. Jackson alieleza kwamba kinachoamua ni moto: eneo likikaa karne kadhaa bila kuungua, msitu wa mvua hulishinda; likiungua mara kwa mara, nyasi hubaki. Na wenyeji wa Tasmania, waliokuwapo kwa takribani miaka 40,000, walichoma nyasi ili zichipue, wanyama waje, na njia zibaki wazi. Mfugaji wa kwetu anaijua hekima hiyo. Ushahidi wa mioto hiyo upo: chembe za mkaa zimo katika matope yaleyale yaliyohifadhi chavua.

Waingereza waliweka makazi mwaka 1803. Ndani ya miaka thelathini hivi, vita na maradhi viliwaangamiza wenyeji wengi, na waliosalia wakahamishiwa Kisiwa cha Flinders. Moto uliojua majira na mahali ukakoma. Badala yake ukaja moto wa wachimba madini na wafugaji, ambao mara nyingi ulivuka mipaka na kuingia katika misitu ambayo haikuumbwa kuungua.

Januari 2016, baada ya ukame mkali, radi ziliwasha mioto mingi kisiwani. Katika nyanda za juu za kati iliteketea misonobari ya aina nyingine iliyokuwa imeishi zaidi ya miaka elfu moja. Mti huo ukiungua hufa, wala hauna mbegu zinazosubiri ardhini. Udongo wa mboji ulioulea nao huungua. Mwaka 2019 moto ulirudi, na safari hii wazima moto walitega vinyunyizio vya maji kuilinda baadhi ya miti hiyo.

Vinyunyizio havitoshi bila ule moto uliojua majira na mahali. Na kuiita Tasmania pori lisiloguswa ni kuwafuta watu walioitunza. Wazao wao bado wapo, na serikali ya huko iwape sauti ya kuamua wapi pachomwe, lini, na wapi moto usikanyage kabisa.