Aliajiriwa 1941, akaondoka 1997: kocha wa chuo kimoja na ushindi 408

Wadau, huku kwetu kocha akipoteza mechi tatu mfululizo watu wanaanza kumwangalia vibaya, ya nne anafungashiwa virago. Sasa sikia hii. Kuna jamaa alianza kazi ya ukocha mwaka 1941 akiwa na miaka 22, akaiacha 1997 akiwa na miaka 78. Chuo kilekile, mke yuleyule. Katikati hapo Marekani ilipitisha marais 11, kuanzia Franklin Roosevelt mpaka Bill Clinton, na mzee yuko palepale pembeni ya uwanja na filimbi yake.

Anaitwa Eddie Robinson. Chuo ni Grambling, huko Louisiana, kusini mwa Marekani. Na tusichanganye mafaili: futiboli ninayoongelea hapa si hii ya akina Messi. Ni ile ya Kimarekani, ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, ambayo kule mechi ya vyuo tu inaweza kujaza uwanja kuliko fainali nyingi tunazozijua.

Watu wakimsimulia huyu mzee huwa wanasema alikuwa mwaminifu, alipenda chuo chake. Ni kweli. Ila ukisema hivyo tu ukaishia hapo, umeficha nusu ya stori.

NGAZI YA KOCHA INAVYOKUWA

Kwa kawaida kocha wa futiboli ya vyuo Marekani anapanda ngazi. Anaanza msaidizi mdogo, analipwa hela ya nauli tu. Anapewa kundi la wachezaji wachache awafundishe. Baadaye anakabidhiwa safu nzima ya ulinzi au ya ushambuliaji. Kisha anakuwa kocha mkuu chuo kidogo, akishinda anaitwa chuo kikubwa, akishinda tena NFL wanapiga simu. Ndo maana wengi wao wamehama miji mpaka watoto wao hawajui waseme wao ni wa wapi.

Robinson aliruka ngazi zote za mwanzo, akafika ile ya ukocha mkuu. Halafu hapo juu hakukuwa na ngazi nyingine. Si kwamba alishindwa kupanda, mlango ulifungwa. Alikuwa mweusi, kwenye Marekani ya ubaguzi wa kisheria.

KUTOKA KIWANDANI

Alizaliwa Februari 1919 mji wa Jackson, Louisiana, akakulia Baton Rouge. Baba alikuwa mkulima wa shamba la mtu, mama mfanyakazi wa nyumbani. Mjini Baton Rouge kuna chuo kikubwa kweli cha serikali, LSU, na timu yake inapendwa kama dini. Lakini enzi hizo LSU kilikuwa cha wazungu. Kijana Eddie alikuwa anakiona tu. Akaenda kusoma Leland, chuo kidogo cha watu weusi, akacheza hapo kama kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi.

Alipomaliza 1941 alitaka ukocha. Kazi aliyoipata ni kiwanda cha chakula cha mifugo, senti 25 kwa saa. Na digrii yake mkononi. (Vijana mnaotuma CV kila siku, mnamwelewa huyu.)

Ndipo akasikia kuna chuo kidogo cha watu weusi kaskazini mwa jimbo kinatafuta kocha. Mkuu wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, akamchukua kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi. Kocha mkuu, bila msaidizi hata mmoja wa kulipwa. Kwa hiyo kila kitu alifanya mwenyewe: alifyeka nyasi za uwanja, akachora mistari, akawafunga wachezaji bandeji miguuni. Mechi ikiisha, anakaa anaandika habari yake mwenyewe na kuituma kwa magazeti, kwa sababu hakuna mwandishi angesafiri kuja kuitazama.

Timu ikisafiri kulikuwa na kazi nyingine: kutengeneza sandwichi za kula njiani. Si kwa kubana matumizi. Migahawa mingi ya barabarani kusini mwa Marekani ilikuwa haihudumii watu weusi. Unaweza kuwa na hela mfukoni na njaa tumboni, na bado usiuziwe chakula.

Msimu wa kwanza akashinda 3, akapoteza 5. Kawaida tu. Msimu wa pili, 1942, akashinda zote 9, na katika mechi hizo zote tisa wapinzani hawakupata hata pointi moja. Sifuri. Msimu mzima.

Halafu vita ikavuruga kila kitu. Vijana wakaitwa jeshini, chuo kikasimamisha futiboli 1943 na 1944. Mzee akahamia kufundisha timu ya sekondari palepale Grambling. Inasimuliwa kwamba kuna wachezaji wake baba yao aliwazuia kucheza kwa sababu pamba ilikuwa inasubiri kuvunwa shambani. Kocha hakugombana na mtu. Alibeba timu nzima, wakaingia shambani, wakaichuma pamba ikaisha. Kisha vijana wakaruhusiwa kucheza.

MLANGO UMEFUNGWA, AKAANZA KUUSUKUMA KWA MIKONO YA WENGINE

Hapa ndipo stori inaponoga. Mpaka mwaka 1949 hakukuwa na mchezaji hata mmoja kutoka vyuo vya watu weusi aliyewahi kucheza NFL. Mwaka huo Los Angeles Rams wakamchukua Paul Younger, jina la uwanjani "Tank", yaani kifaru. Kijana wa Grambling. Robinson alimweleza wazi kabla hajaondoka: ukifeli, watasema tuliletewa aliye bora kuliko wote na hakuweza, na wengine hawatapewa nafasi kwa miaka. Hebu fikiria uzito huo mabegani mwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Tank hakufeli. Alicheza miaka kumi.

Baada ya hapo bomba likafunguka. Willie Davis. Willie Brown. Charlie Joiner. Buck Buchanan, ambaye mwaka 1963 ndiye aliyechaguliwa namba moja kati ya vijana wote walioingia ligi ya AFL. Hao wanne wote wako kwenye ukumbi wa heshima wa futiboli ya kulipwa. Kwa jumla zaidi ya vijana 200 walipita mikononi mwa mzee wakaenda kulipwa kwa kucheza. Kutoka chuo ambacho wengi huwezi kuwauliza kiko wapi wakakuonyesha kwenye ramani.

Ila kulikuwa na nafasi moja ambayo ligi kubwa haikutaka kumpa mtu mweusi: kwotabeki. Imani ilikuwa kwamba nafasi hiyo inataka akili na uongozi, na eti mweusi hana. Kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni, akifika NFL anaambiwa wewe una mbio, nenda kacheze pembeni. Robinson aliamua kuivunja hiyo imani makusudi. Alimwandaa James Harris awe kwotabeki na abaki kwotabeki. Mwaka 1969 Buffalo Bills walimuanzisha Harris kwenye mechi ya kwanza ya msimu, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa kwotabeki mweusi.

Kisha akaja Doug Williams. Tarehe 31 Januari 1988, Washington dhidi ya Denver, Super Bowl. Williams akawa kwotabeki wa kwanza mweusi kuanza kwenye fainali hiyo. Denver wakatangulia kwa pointi 10. Robo ya pili Williams akarusha pasi nne za kufunga, Washington wakapata pointi 35 ndani ya robo hiyo moja, mechi ikaisha 42-10. Mchezaji bora wa fainali? Yeye. Kijana wa mzee.

KUMBE USHINDI NAO UNA BEI

Sasa hapa mtu asome taratibu. Ubaguzi ulivyoanza kulegea, vyuo vikubwa vya kusini navyo vikaanza kusajili wachezaji weusi. Alabama, chuo cha kocha maarufu Paul "Bear" Bryant, kilianza kuwachezesha 1971. Ni haki, na ndicho kitu watu walichopigania. Lakini kijana mwenye kipaji ambaye zamani angekuja Grambling kwa sababu hana pa kwenda, sasa alikuwa anafuatwa nyumbani na vyuo vyenye viwanja vya watu 80,000 na hela za televisheni. Wachezaji walifunguliwa mlango. Makocha wao hawakufunguliwa.

Angalia miaka yenyewe. Kocha mkuu wa kwanza mweusi kwenye chuo chenye wazungu wengi, daraja la juu kabisa, alikuwa Willie Jeffries pale Wichita State, 1979. Robinson wakati huo alikuwa na miaka 60, kazini miaka 38. Zama za NFL ya kisasa, kocha mkuu wa kwanza mweusi ni Art Shell, 1989. Robinson alikuwa na miaka 70. Yaani milango ilianza kufunguka wakati watu wa umri wake wanacheza na wajukuu.

Alichofanya ni kuendelea na kazi. Asubuhi na mapema alipita bwenini anagonga kengele ya ng'ombe, vijana waamke waende darasani. Aliwafundisha kufunga tai na kukaa mezani na watu. Akawapeleka kucheza Yankee Stadium, New York, 1968, mbele ya watu zaidi ya 60,000, na mpaka Tokyo mwaka 1976. Kama vyuo vikubwa havimwiti, basi dunia ije iione Grambling.

Tarehe 5 Oktoba 1985, jijini Dallas, akaifunga Prairie View 27-7. Ushindi wa 324. Bear Bryant aliishia 323. Mtu aliyeanza kwa kufyeka nyasi mwenyewe akawa amempita kocha mkubwa kuliko wote wa kusini. Kuna waliolalamika kwamba alikuwa anacheza na vyuo vidogo. Sawa, ila kwani ni nani aliyemzuia kucheza na vile vikubwa miaka yote hiyo?

MWISHO HAUKUWA WA SINEMA

Sitaki kuwadanganya kwamba aliondoka akiwa juu. Ushindi wa 400 aliupata 1995, lakini msimu huo timu ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Wa 1996, ushindi 3, vipigo 8. Zikavuma habari kwamba chuo kinataka aondoke, watu wakachachamaa jimbo zima, akapewa mwaka mmoja zaidi. Wa 1997, tena 3 kwa 8. Mechi ya mwisho alifungwa na mahasimu wao Southern, New Orleans. Aliacha ushindi 408, vipigo 165 na sare 15. Kiti chake kikachukuliwa na Doug Williams.

Alichelewa kuondoka? Mimi naona ndiyo, kidogo. Lakini namuelewa. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupewa mahali pengine pa kwenda, unamwambiaje aondoke hapo alipo?

Uzee ukamletea ugonjwa wa Alzheimer, kumbukumbu zikaanza kumtoroka. Tarehe 4 Februari 2007 Tony Dungy akawa kocha wa kwanza mweusi kushinda Super Bowl, na kocha aliyemfunga siku hiyo, Lovie Smith, naye mweusi. Miezi miwili baadaye, tarehe 3 Aprili, Robinson akafariki akiwa na miaka 88. Mwili wake uliwekwa kwenye jengo la bunge la jimbo pale Baton Rouge ili watu wapite kumuaga. Mji uleule wa LSU isiyomtaka na kiwanda cha senti 25.

Rekodi zinavunjwa, na yake wapo walioipita. Ila 200 na zaidi wale waliopita kwenye mlango aliousukuma yeye, hao hakuna wa kuwafuta.

Swali langu kwenu leo: ungekuwa wewe, unajua kabisa kazi kubwa hutopewa hata ufanye nini, ungebaki miaka 56 unawapandisha wengine, au ungeacha ukatafute maisha kwingine? Mimi mpaka sasa sina jibu la haraka.